Mtamba wa Namba Saba

Sahani ya santuri namba moja niliikuta imefunika chungu cha maharage. Mvuke ulikuwa umeshaipinda, ukingo wake mmoja umenyanyuka kama kola ya shati lililopigwa pasi vibaya. Namba mbili ilikuwa imening'inizwa kwa kamba kwenye mti katikati ya mahindi, ikizunguka kwa upepo ili ngedere waogope. Nilisimama kwenye kizingiti cha Bibi Kuluthumu, mlimani juu ya Soni, gramafoni ya sanduku ikinikata bega, nikatazama mali iliyoninyima usingizi tangu Agosti ikifanya kazi za nyumbani. Nyuma yangu alisimama mke wangu Esta, na mkononi alikuwa na kifurushi cha chumvi. Chumvi hiyo alikuwa amemletea ng'ombe ambaye hakuwepo.

Afadhali nianze na huyo ng'ombe. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajani, zawadi ya baba mkwe wangu kwa binti yake tulipofunga ndoa. Mwaka huo, hamsini na nne, nilikuwa karani katika boma la Lushoto, mwenye kalamu mbili mfukoni na maoni juu ya kila jambo. Karani siku zile ilimpasa awe na kitu cha kuwaonyesha wenzake. Wengine walikuwa na baiskeli. Sisi wachache, mimi na walimu wawili na dereva wa Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, tulikuwa na sahani za santuri, tena si sahani zozote tu. Tulitafuta zile zilizotolewa chache, ambazo ukiwa nazo wewe mwenzako hawezi kuzipata.

Hakuna iliyokuwa adimu kuliko ya Bibi Kuluthumu. Mzungu mmoja aliyefuatana na maofisa wa kilimo cha matuta alipita Soni na mashine yake ndani ya gari, akawakuta wanawake wanapalilia, akamwomba kiongozi wao aimbe mbele ya kile chuma chake. Kiwanda huko Ulaya kikatoa sahani ishirini na tano za majaribio, kila moja ikaandikwa namba kwa wino mwekundu, na baada ya hapo basi. Tatu za kwanza alipewa mwimbaji mwenyewe kama shukrani. Zilizobaki zilitawanyika, na nyingi zikaishia kwa Suleimani, mfanyabiashara wa Tanga aliyekuwa akipandisha bidhaa zake Soni siku za soko.

Suleimani hakuwahi kuzipiga. Alikuwa akifunua karatasi kidogo, anakuonyesha namba, kisha anafunika tena haraka kama mama anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga. Siku moja nilimuuliza soko hili litadumu mpaka lini, na itakuwaje watu wakija kuchoka. Alinitazama kwa huruma.

"Karani," akasema, "watu huchoka muziki. Uchache hawauchoki."

Maneno hayo yaliniingia. Esta alipokwenda kwao kumuuguza dada yake, niliuza mtamba nikanunua namba saba. Aliporudi nikamwambia nimempeleka mnyama kwa rafiki yangu Soni amfuge, maana huko majani ni mazuri. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Ng'ombe wengi wa milimani hulala kwenye mazizi ya watu wengine. Esta aliitazama kamba iliyobaki bandani, akaikunja, akaiweka juu ya dari.

Kisha ikaja barua kwamba baba mkwe atakula Noeli kwetu, na kwamba angependa kumwona mtamba wake amekua kiasi gani. Nilikwenda mbio kwa Suleimani nikamwomba ainunue namba saba yangu kwa ile faida aliyokuwa akiihubiri. Akasema bei imelala kwa sababu ya zile tatu za bibi kizee. Maadamu ziko kule mlimani, mtu yeyote anaweza kupanda na mkungu wa ndizi akashuka nazo.

"Zikiondoka hizo tatu," akasema, "yako naichukua kwa bei ya mitamba miwili. Niletee vipande tu."

Sikuuliza vipande vya nini. Nilijua.

Ndiyo maana asubuhi moja ya Novemba nilijitwika gramafoni, nikamwambia Esta nina kazi ya boma huko Soni. Nilipanga kumlainisha bibi kwa nyimbo za mjini halafu nimwombe zile sahani. Esta akajibu kwamba ni vizuri, basi tutakwenda wote, amwone mtamba. Chumvi alikuwa ameshaifunga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ya siku hiyo ilikuwa na lori la kabichi mpaka Soni na mlima mzima baada ya hapo, na kila kona nilikuwa ninamtunga ng'ombe upya: amehamishiwa Bumbuli, ameshikwa na homa, mwenye zizi amesafiri na funguo. Nikasema tupitie kwanza kwa bibi mmoja. Esta akasema sawa, akatangulia, huku akiyatazama majani ya kando ya njia kama mtu anayeyapima.

Bibi Kuluthumu alikuwa mfupi, mikono yake mikubwa kuliko mwili wake. Alizipokea shikamoo zetu kwa marahaba ndefu, akatupatia vigoda, akafunua chungu, akakoroga, akafunika tena kwa namba moja. Nilijikohoza nikamweleza kwamba ninakusanya visahani vile, kwamba vina kasoro za kiwandani. Uongo huo ulitoka laini mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Bibi akaingia ndani akatoka na namba tatu, bado imo katika karatasi yake, nyeusi inang'aa kama maji ya kisimani.

Akasema nichukue. Hakutaka kitu. Ya nje nijikwanyulie mwenyewe mtini, na kama ninakihitaji na kifuniko, ningoje maharage yaive.

Miezi mitatu ya wasiwasi, na kumbe kilichobaki ni kushuka mpaka nyuma ya kona ya kwanza na kuzivunja kwa kisigino.

"Lakini kwanza nipigie," akasema. "Yule mzungu aliniachia hivi, mashine akaondoka nayo. Sijui vinasema nini."

Sikuona hasara. Sahani yenyewe ilikuwa ya kuvunjwa. Nikafungua sanduku, nikazungusha mpini, nikaweka sindano ya chuma. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hadi leo linanitia aibu: wimbo huo hata mimi sikuwahi kuusikia. Yangu nilikuwa nimeitunza isichakae. Nilikuwa nimeuza ng'ombe wa watu kwa ajili ya sauti nisiyoijua. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia angalau humsikia akilia.

Kwanza ulitoka mkwaruzo, kama mvua ya mbali. Kisha sauti ya mwanamke mmoja, nyembamba, ikapanda peke yake kwa Kishambaa, ikasimama pale juu, na nyingine nyingi zikaipokea kutoka chini. Nywele zilinisimama. Ulikuwa wimbo wa kupalilia, unaoyataja mashamba ya bonde moja baada ya jingine pamoja na wenyewe: huyu mvivu, huyu mkewe amemkimbia, huyu anapima mahindi kwa kikombe. Nilijua tangu utotoni kwamba wanawake huimba wakilima. Nilikuwa ninapita nao kila siku nikienda kazini. Sijui masikio yangu yalikuwa wapi.

Bibi Kuluthumu aliinama mpaka shavu lake likakaribia sanduku. Alisikiliza kwa uso mkali, kama anayemsikiliza mgeni akijieleza. Kisha akamgeukia Esta.

"Mwanamke huyu ni wa wapi? Anaijua kazi."

Esta akamwambia, polepole, "Bibi, ni wewe."

Alikataa. Akasema yeye hana sauti hiyo, yeye sauti yake iko ndani ya kichwa na ni nzito. Akasikiliza tena, na nikaona mkono wake ukipanda taratibu mpaka kooni, ukakaa hapo kama unaohakikisha kama kuna mtu.

Sahani ikaisha. Ilikuwa imefika shamba la nne.

"Mbona ameacha?" akauliza bibi. Nikamweleza kwamba upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika tatu. Akanitazama kama niliyemwambia kwamba siku huishia saa tatu asubuhi. "Wimbo huu ni wa siku nzima," akasema. "Bado hajavuka hata mto."

Naye akauvusha. Aliketi palepale kigodani, mwiko mkononi, akaanza shamba la tano. Sauti ilikuwa imezeeka kidogo kuliko ile ya sandukuni lakini njia ilikuwa ileile. Bonde chini yetu lilikuwa limejaa ukungu, jeupe kabisa, huoni mti wala paa. Alipomaliza mstari wa kwanza, ukungu ukamjibu.

Ninasema nilivyosikia. Wanawake walikuwa wanapalilia kule chini, kumi au arobaini, sijui, hatukumwona hata mmoja. Walimpokea bila kukosea, kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka ng'ambo ya mto ambako sauti ilichelewa kufika ikaja nyuma ya nyingine. Yeye akitaja shamba, shamba lenyewe linaitikia. La sita likacheka. La saba likajibu tusi kwa tusi. Niliogopa. Niliogopa kama mtu aliyekuwa akijisifia ndoo ya maji, kisha akaonyeshwa mto ulikotoka. Na namba saba, niliyoibeba ili nikishuka nimuuzie Suleimani, ilikuwa imelala kwenye mfuko wa kifuniko cha gramafoni, salama, imeviringishwa katika fulana yangu.

Wimbo ulipofika mahali pa kupumzika, Esta alifungua kifurushi, akaweka chumvi mbele ya bibi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia.

"Mume wangu, ya kwetu iko wapi?"

Nilijaribu kumwuliza ya kwetu ipi. Akakinga kiganja. Nikaitoa fulana, nikaifunua, namba nyekundu ikaonekana.

"Mnyama aliyewekwa kwa watu huletewa habari," akasema. "Leo ana kupe, kesho amevunja ua. Huyu miezi mitatu hajaugua hata kidogo." Aliishika sahani kwa ncha za vidole, akaipindua, akaitazama pande zote mbili. "Kumbe huyu ndiye mtamba wangu. Hebu alie."

Nilikuwa na miiba ya mkonge niliyoichonga na kuikausha mekoni, maana sindano ya chuma hula sahani na mwiba huibembeleza. Nilichagua mmoja, nikauweka mahali pa sindano. Namba saba ikalia kwa mara ya kwanza, taratibu, kama kwamba bibi anaimba akiwa chumba cha pili. Esta alisikiliza macho ameyafumba. Machozi yalimtoka, na hata leo sijui yalikuwa ya ng'ombe au ya wimbo. Nilimwomba radhi mbele ya bibi, kwa Kishambaa, lugha ambayo sikuwa nimeitumia kwa jambo zito tangu niajiriwe.

Bibi Kuluthumu alitaka kuelezwa. Esta akamweleza, na hakuacha kitu. "Mtamba mzima?" aliuliza bibi mara mbili. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

Namba tatu niliiacha juu ya kigoda, nikamwambia bibi ni yake na haina kasoro yoyote. Akashukuru. Akaitoa ile iliyopinda chunguni, akaweka hiyo mpya, kwa kuwa maharage yanataka kifuniko kilichonyooka. Niliuona mvuke ukiifikia ile karatasi ya katikati, namba ikianza kuchuruzika, na sikunyoosha mkono.

Tulikuwa hatujafika kona ya kwanza bibi aliposhika wimbo tena. Shamba la nane, la tisa, kisha likaja shamba ambalo halikuwepo kule bondeni: la karani wa Lushoto, aliyebadilisha mtamba kwa kifuniko cha chungu. Ukungu ukakaa kimya kidogo, ukijifunza maneno. Kisha ukaitikia. Esta alikuwa mbele yangu njiani, mgongo umenyooka, naye akaitikia pamoja nao mpaka tukafika barabarani.

Baba mkwe nilimwambia mwenyewe, Noeli, kabla hajaketi. Aliomba kuiona. Akaigonga kwa ukucha, akauliza, "Na hii huzaa?" Nikajibu niliambiwa hivyo. Akaketi, akala wali wake. Ilinichukua miaka mitatu kumrudisha ng'ombe bandani.

Suleimani hakupata vipande vyake, na baada ya muda hakuvitaka. Zilikuja sahani za plastiki, nyepesi, ukiangusha moja haivunjiki, upande mmoja nyimbo sita. Walimu wale wawili waliuza zao kwa bei ya chai. Suleimani mwenyewe akahamia kwenye cherehani.

Mwaka wa sitini nilikuwa narudi Lushoto baada ya kuhamishiwa Korogwe kwa muda, na lori letu likachemsha maji Soni. Bibi Kuluthumu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilishuka kunyoosha miguu, na huko juu ya barabara wanawake walikuwa wanapalilia. Aliyeongoza alikuwa binti mdogo, simjui. Shamba la nne likapita, akaendelea. Aliponiona aliinua jembe akasema shikamoo, nami nikamwambia marahaba, endeleeni. Dereva akapiga honi.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Hawajafika kwangu."

Walifika. Maneno yalikuwa yamebadilika kidogo, kama vitu vinavyotumiwa na watu wengi.

Nyumbani nilimkuta Esta anachambua mboga. Nilimwambia kwamba nimepita Soni, na kwamba katika wimbo ule mtamba wake sasa amezaa.

Hakuinua macho. Aliuliza kama ni jike.