Kofia ya Nyumba ya Juu

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya sufu iliyoshindiliwa, nikikata kwa kisu kifupi vipande viwili vilivyolaliana, chekundu juu na cha kahawia chini, wakati Aijarkyn alipoingia na mama mkwe wake. Zulia letu hukatwa hivyo. Pambo la pembe ya kondoo linalotoka kwenye chekundu huingia katika tundu la kahawia, na hakuna kinachotupwa. Ila mkono usitetereke, kwa hiyo sikuinua kichwa. Niliona miguu tu: viatu vya mpira vya Bibi Saadat mbele, vya Aijarkyn nyuma, na katikati viatu vidogo vya mtoto, cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia.

Mtoto mdogo akivaa mwenyewe huvaa hivyo. Lakini Bibi Saadat hakuwa mtu wa kumtoa mjukuu wake nje katika hali hiyo, isipokuwa kama waliondoka nyumbani kwa haraka. Nilimaliza kona niliyokuwa nikiikata ndipo nikawasalimu. Walivua viatu mlangoni, Bibi Saadat akaenda kwenye kona yake ya zulia, Aijarkyn akakaa karibu na jiko. Mtoto, Beksultan, alijibanza nyuma ya mama yake na kofia yake imeshuka hadi masikioni, ingawa ndani kulikuwa na joto.

Joto hilo lilikuwa la Toktosun. Makaa ya mawe ya ukumbi wetu alitupatia yeye, tangu siku tulipoanza kushona humo. Ni mtoto mkubwa wa Bibi Saadat, msimamizi wa mifereji ya maji ya kijiji, na nyumba yake iko juu ya nyumba ya mama yake, hatua chache kupanda kilima; tunaiita nyumba ya juu. Kila mtu alikuwa na jambo la kumshukuru.

Venera alikuwa amekwisha fika. Huyu alianza kuja kutoka mjini Naryn theluji ilipoanza kulegea, kila Jumatano, akasema anataka kujifunza kushona zulia. Alishona vibaya na hakuonekana kujali. Hakuuliza mengi. Mtu asiyeuliza mengi hututia wasiwasi kuliko mbea, na Burul, anayeshona kando yangu, alikuwa na hakika yake.

"Mtu wa mjini haji kujichoma vidole bure," aliniambia. "Huyu ni wa kodi."

Baadaye Venera alitueleza mwenyewe. Anatoka kwenye nyumba inayopokea wanawake na watoto wanaopigwa. Alisema kuwa walikaa ofisini miaka wakingoja watu waje, na waliokuja walikuwa wachache, kwa sababu gari la kwenda mjini ni la binamu wa mume, na simu iko mfukoni mwa mama mkwe, na muuguzi ni shangazi wa mtu. Basi wameamua kuja wao.

"Afadhali ungekuwa wa kodi," Burul akamjibu, na tukacheka, lakini hakuna aliyemsogelea.

Sote tulijua alikuja kwa ajili ya nani. Wakati wa baridi Aijarkyn alikwenda zahanati na kifundo cha mkono kimevimba. Muuguzi akamuuliza nani amemfanya hivyo. Aijarkyn akatazama sakafu. Muuguzi aliujaza ukimya ule kama ambavyo kila mmoja wetu angeujaza: mume. Afande wa wilaya akamwamuru Maksat, mumewe, akae mbali na nyumba kwa siku kadhaa, naye akapanda hadi zizi la majira ya baridi, juu bondeni, bila kubisha. Kutobisha kwake tukakuhesabu kuwa ni ushahidi.

Lakini Maksat akiwa bado huko juu, Beksultan alionekana kijijini na sikio limechanika. Watu walisema Maksat alishuka kwa siri. Kaka yangu naye alikuwa kwenye zizi hilohilo. Theluji ilikuwa imefunga njia, na njia ilipofunguka kaka yangu alishuka akaniambia Maksat hakuwahi kwenda mbali zaidi ya rundo la nyasi. Jambo hilo nililiweka kando kama kipande cha sufu ambacho sijui kinaingia wapi. Kaka yangu ni rafiki wa Maksat, na rafiki anaweza kusema lolote.

Zaidi nilimtilia shaka Bibi Saadat. Hakumwacha mkaza mwana wake hata dakika. Aijarkyn akienda kisimani, mama mkwe nyuma. Venera akikaa karibu na Aijarkyn, Bibi Saadat huhama na sindano yake akakaa katikati yao. Niliwahi kuona mbwa wa kondoo akifanya hivyo, na hujui mara moja kama anawalinda kondoo au anawazuia.

Siku hiyo hakuhama. Alibaki kwenye kona yake, akifuata ukingo wa pembe nyekundu kwa uzi wa kusokota, asitazame mtu. Hilo nalo lilinitia shaka.

Venera alisogea karibu na jiko. Hakunong'ona, kwa kuwa kunong'ona katika ukumbi wetu ni kama kupiga ngoma.

"Aijarkyn, mdogo wangu," alisema, "kwetu sasa hatudai barua ya serikali ya kijiji, wala ruhusa ya mume. Ukifika umefika, wewe na mtoto. Lakini afande hawezi kumzuia mtu asikufuate bila kujua ni nani. Lazima atajwe. Ni Maksat?"

"Si Maksat."

Sindano zote zilisimama. Alikuwa amelitaja jina la mume wake kwa wepesi tu, kama wasichana wa siku hizi wanavyofanya.

"Ni nani, basi?"

Akatazama sakafu.

Venera alimuuliza tena, taratibu, kwa maneno mengine, na nikaona usoni mwake anaamini kuwa msichana anamficha mumewe. Nami ndipo kile kipande nilichokiweka kando kikapata tundu lake. Kwetu mke hatamki majina ya wakubwa wa mumewe. Si baba mkwe, si shemeji mkubwa, hata wakiwa mbali, hata wakiwa wamekufa. Baba mkwe wa Burul aliitwa Temir, maana yake chuma, na mpaka leo Burul hasemi chuma. Jiko lile la chuma huliita "gumu lenye moto", nasi huwa tunamwomba alitaje ili tucheke. Aijarkyn alikulia kwa bibi yake aliyemfunza adabu hiyo kabla ya kumfunza kukanda unga. Kama jina la mume linatoka kinywani mwake na hili halitoki, basi ni la mkubwa. Na mkubwa katika ukoo ule alikuwa amebaki mmoja.

"Usimuulize jina," nilimwambia Venera. "Jina hawezi."

Alinitazama, kisha akafumba macho kidogo. "Mjini tumeacha," alisema. "Nilisahau kama kuna wanaoshika." Akamgeukia Aijarkyn. "Basi usiseme. Nionyeshe kwa namna unayoweza."

Sikukuu ya mwaka mpya wetu, ule wa majira ya kuchipua, ilikuwa imekaribia, na wanaume walikuwa wametuletea kofia zao nyeupe za sufu tuzisafishe na kuzinyoosha. Zilining'inia ukutani juu ya vichwa vyetu. Kofia ya mwanamume haikai chini. Paka wa Burul aliangusha moja mwaka uliopita, na Burul alikwenda kumwomba radhi mwenye kofia akiwa amebeba mkate.

Aijarkyn alisimama. Alitembea hadi ukutani, akaitungua moja kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Ilikuwa ile yenye ukingo wa mahameli nyeusi na kishada cha hariri. Hapa kijijini hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Aliibeba hadi mlangoni, akapiga goti, akaiweka sakafuni kati ya viatu.

Beksultan alikuwa amekwisha ingia nyuma ya jiko.

Burul aliinuka nusu, mkono mbele, kama mtu anayetaka kudaka chungu kinachoanguka.

"Iache," alisema Bibi Saadat.

Alichomeka sindano yake kwenye zulia, akajishika magoti, akainuka. Nilikuwa na hakika ataiokota kofia ya mwanawe, ataibusu ukingoni, na kumshika msichana mkono wampeleke nyumbani, na kwamba baada ya hapo hatutamwona tena. Venera naye alifikiri hivyo, kwa maana alijisogeza mbele ya Aijarkyn.

Bibi Saadat alipita. Alikaa kwenye kizingiti, akaokota viatu vya mjukuu wake, akamwita. Mtoto alitoka taratibu, akizunguka mbali na ile kofia. Bibi akamvalisha, cha kulia mguu wa kulia, cha kushoto mguu wa kushoto, akafunga vifungo vyote.

"Toktosun," akasema, bado ameinama. "Mimi ndiye niliyempa jina hilo. Mimi naweza kulitamka."

Venera alimshukuru, kisha akamweleza kwamba afande angefika kesho, na kwamba neno hilo lingehitajika mbele yake. Je, mama angelisema?

"Wachukue leo," alijibu Bibi Saadat. "Leo hii, kabla hajashuka kutoka mferejini."

Ndipo akaiokota kofia, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaifunga ndani ya kilemba chake cha akiba. Akasema jioni mwanawe ataiulizia, na ni afadhali aikute. Alishuka ngazi peke yake, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kuangalia kama Aijarkyn anafuata.

Gari la Venera liliondoka muda mfupi baadaye. Aijarkyn aliniomba jambo moja: Maksat, aliyekuwa tena juu na mifugo, akirudi kutoka malishoni, nimpeleke moja kwa moja kwenye njia ya mjini, asipite nyumba ya juu. Nikamwahidi.

Tulibaki na Burul. Dirishani nyumba ya juu ilikuwa inafuka moshi, nasi tulikuwa tunaota makaa yake.

"Atalisema kesho?" Burul aliuliza. "Hapa tulikuwa wanawake peke yetu. Kesho mwanawe atakuwa amesimama palepale, amevaa kofia yake."

Nilimwambia sijui. Nilifikiri juu ya viatu vile, kisha juu ya kofia iliyofutwa vumbi vizuri namna ile, na sikuweza kuvifanya vikae upande mmoja.

Tulianza kulifunika zulia kwa sababu ya panya. Kwenye kona ya Bibi Saadat pembe nyekundu ilikuwa imeshonwa nusu, sindano imechomekwa, uzi unaning'inia. Burul alitaka kuichomoa amalizie. Nikamwambia aiache hapo hapo. Mwanamke akiacha sindano yake kwenye zulia, ama atarudi, ama aliondoka akiwa na haraka.