Sare Inayoziba Masikio

Mimi ni mwoga wa barafu, na sioni haya kulisema. Hapa Aldsyl, kijiji cha kaskazini mwa Uholanzi chenye lugha yake, mtoto huvishwa viatu vya chuma vya kuteleza barafuni kabla hajajua kufunga kamba zake, na mimi mwenyewe niliwahi kukimbia na timu ya kijiji, tena si kwa kubahatisha. Lakini barafu ya ziwa si ya uwanja. Ya uwanja imelala juu ya saruji. Ya ziwa imelala juu ya maji meusi, na ikilia unausikia mlio ukipita chini ya nyayo zako mpaka ng'ambo, nawe umesimama hapo ukijifanya hamnazo.

Asubuhi ya mashindano, barafu ya kwanza ya maana baada ya miaka ya mvua tupu, nilikuwa jikoni napambana na zipu ya binti yangu Aukje. Kazi yangu kwenye timu siku hizi ni nguo. Nashona, napunguza, naziba.

"Mama, vuta taratibu, utanichuna!"

"Ingiza tumbo basi. Hii sare au ngozi ya soseji?"

Sare ya kwanza ya timu yetu aliifuma mama yangu na wanawake wenzake: sweta nzito za buluu zenye mstari mweupe kifuani, za sufu iliyobakiwa na mafuta ya kondoo, zikilowa zinanuka zizi. Wanaume walitia magazeti ndani kuzuia upepo, na wakikupita unasikia karatasi zikilia kwacha kwacha. Zamu yangu ilipofika ikaja nailoni ya rangi ya karoti, inayometameta, kofia imeshonewa hapohapo. Siku ya kwanza kuivaa, jirani alimuuliza mama kama nimesahau sketi nyumbani. Na sasa hii ya Aukje, ya buluu tena, nyembamba kama ganda la kitunguu. Haina mfuko, ndani yake huvai kitu, na kofia inabana masikio mpaka kichwa kinakuwa yai. Upepo hauna pa kushika. Kwa kweli ni kazi nzuri, na nilipompunguzia mikono nilijisikia fahari.

"Vijiti vyako viko wapi?" nikamuuliza. Kwetu kila anayekwenda kukimbia ziwani huvaa shingoni vijiti viwili vyenye misumari, vya kujivutia ukizama.

"Vinapigapiga kifuani, Mama. Hakuna anayevaa kwenye mashindano."

"Maji hayajui kama ni mashindano."

"Mama!"

Mdogo wangu Gosse, kocha wa timu, akaingia akipuliza vidole. Aliponiona akaangua kicheko. Nilikuwa nimevaa sweta la mama.

"Dada, kondoo wa Beppe kafufuka?" Beppe ndiye bibi, na kwa Gosse kila kilichokuwa cha mama ni cha Beppe tangu Aukje azaliwe.

"Kondoo huyu ana joto kuliko wewe na koti lako la kifahari. Mwambie mpwa wako avae vijiti."

"Mwache bwana. Barafu ni nene, wameipima. Wewe simama pale kwenye kona ya matete, ndipo shimo la mabata lilipo. Ukiona kitu, piga kelele. Hiyo si unaiweza?"

Ninaiweza. Nikaenda kusimama.

Mabata maji hulala pamoja sehemu moja na joto lao huzuia maji yasigande. Shimo lao lilikuwa mbali na njia ya mashindano, na katikati walikuwa wamesimama watazamaji na vikombe vyao vya supu ya njegere. Wakimbiaji walifika kwenye kona, wakakata kushoto, wakaenda zao. Mzunguko wa kwanza salama. Wa pili, Aukje alikuwa wa tatu, mgongo umelala sawasawa, mkono mmoja nyuma. Nikamwona mzuri, nikasahau kuogopa.

Kisha barafu ikalia. Si ule mlio mrefu wa kawaida. Ulikuwa mfupi, karibu, na maji yakapanda kidogo kwenye ufa mbele ya viatu vyangu. Upepo ulikuwa umelitikisa shimo tangu alfajiri, na ukingo wake ulikuwa unamegeka kuja upande wetu. Watu wakatupa vikombe, wakakimbilia kwenye matete. Mimi nilibaki palepale. Nilitazama upande wa pili wa ziwa, nikaona wakimbiaji wanakuja, na aliyeongoza ana kofia ya buluu. Mwanangu.

Kwetu shimo kwenye barafu linaitwa *wek*. Ni neno la kwanza mtoto analofundishwa ziwani. Ukilisikia unasimama hapohapo, hata kama ushindi umeushika mkononi. Waholanzi nao wana *weg*, maana yake pisha, toka njiani, na sisi tunalo pia, maana tunachanganya lugha zote mbili hata tukigombana. Masikio yakiwa wazi huwezi kuyachanganya maneno haya. La kwetu linakatika ghafla, lao linakwaruza kooni.

"Wek!" nikapiga kelele. "Wek! Wek!"

Nilitikisa mikono mpaka mabega yakauma. Aukje akainua uso, akaniona. Akatabasamu, naapa alitabasamu, akateremsha mgongo na kuongeza kasi.

"Wek, Aukje! Simama!"

Chuma cha mguu wake kikaingia kwenye ufa. Akaanguka ubavu, akaanza kuteleza. Sote tumeanguka hivyo. Enzi za sweta uliteleza kidogo tu, sufu ikashika, ukainuka unatukana. Hata nailoni yetu ilikuwa inakwaruza. Hii haikushika chochote. Mwanangu alinipita amelala, macho kwangu, wala hakuwa na hofu, alikuwa na hasira tu ya kupoteza nafasi, na kucha zake zinaparura barafu bila kuacha alama. Ukingo ukavunjika chini yake kwa sauti ndogo, akaingia majini.

Waliokuwa nyuma yake walimwona, wakafunga breki wakiangukiana. Nikamsikia Gosse kwa mbali akiitisha ngazi ya kulaza juu ya barafu. Mimi nilikuwa tayari nimelala kifudifudi, natambaa, na kila nilipovuta goti nilisikia barafu ikilalamika tumboni kwangu. Sijawahi kuogopa vile. Niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, nisiwafiche.

Kichwa chake kilikuwa juu. Alitupa mikono juu ya barafu, ikateleza ikarudi. Akatupa tena, ikarudi. Ile mikono niliyoipunguza mimi, laini, inamtoka kama samaki.

"Mama, haishiki! Haishiki!"

Nikavua sweta nikiwa nimelala, nikashika mkono mmoja wa sweta na kumrushia wa pili. Akaushika. Nilipovuta, vidole vyake vikafunguka vyenyewe. Vilikuwa vimekufa ganzi, na mimi nilianza kuteleza kumfuata.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho mama alikuwa akituambia tukiwa wadogo, na kilikuwa kinanitisha kuliko shimo lenyewe: ukishindwa kutoka, usipigane. Laza mikono yako iliyolowa juu ya barafu, uiache igande hapo, ili ukizimia usizame. Ulikuwa ushauri wa watu wa sufu, ambayo ikilowa hugandia barafuni.

"Aukje, nisikilize. Zungushia sweta mkononi. Na kwapani. Hivyohivyo. Sasa lilaze kwenye barafu."

"Nivute!"

"Siwezi. Lilaze, kisha usitikisike."

"Mama, ninazama!"

"Usitikisike! Ukitikisika halishiki!"

Nani aliwahi kumwambia mwanawe hivyo? Mtoto yuko majini, midomo imekuwa ya buluu, na mamaye anamkataza kupigana. Alinitazama kana kwamba nimemuuza. Kisha akatulia. Kidevu chake kikakaa juu ya maji, macho hayakupepesa, na mimi nikawa naitazama sufu, naiomba, nalitaja jina la mama yangu. Upepo ulikuwa mkali. Nyuzi zikaanza kuwa nyeupe. Aukje akafumba macho, kichwa kikainama pembeni, mwili ukalegea. Sweta halikusogea.

Nilikuwa bado nimelishika Gosse alipofika juu ya ngazi, tumbo chini, analia waziwazi. Ilibidi wakate mkono wa sweta kwa kisu ili kumtoa. Hivi leo sina sehemu ile. Iliyeyuka na ziwa.

Nyumbani daktari aliichana sare kwa mkasi, maana zipu ilikuwa imeganda. Aukje alipoanza kutetemeka daktari akasema hiyo ni dalili njema. Niliketi kando yake mpaka akaweza kuongea.

"Hukunisikia?" nikamuuliza.

"Nilikusikia." Meno yalikuwa yanagongana. "Ulisema *weg*. Niliona watu wanakimbia. Nikadhani unawafukuza wanipishe."

Nikatoka nje nikalia uani.

Kesho yake nilitandaza sare zote za timu mezani, nikachukua mkasi, nikaanza kukata matundu kwenye kofia, moja kila upande. Gosse akaingia, akashika kichwa.

"Dada! Sare mpya hizo! Upepo utaingia!"

"Uingie."

"Watatucheka kila uwanja. Timu ya masikio!"

"Sogea nikukate na ya kwako, maana naona huyatumii."

Alisimama pale akipumua kwa nguvu. Kisha akavuta kiti, akashika kofia iliyofuata, akainyoosha ili nikate vizuri. Tukaendelea hivyo mpaka zikaisha.

Baada ya wiki Aukje alishuka jikoni kujaribu kofia ya sare yake mpya. Ameketi mezani, bakuli la supu mbele yake, uso dirishani, na masikio yamejitokeza mekundu pembeni. Akasema inambana kidogo kidevuni. Nikasimama nyuma yake, mbali, karibu na mlango. Nilitaka tu kujua kama anasikia. Nikasema polepole, kwa sauti ya kumwomba mtu chumvi:

"Wek."

Kijiko kikaanguka. Akalaza mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini, kidevu juu ya ubao, akatulia tuli.

"Aukje, ni mimi. Nilikuwa najaribu tu."

Hakutikisika. Nikamwendea, nikapiga magoti kando ya kiti, nikamshika mikono, na ilibidi niinyanyue mwenyewe kutoka mezani, mmoja baada ya mwingine.