Kiti Kilichoteremshwa Darini mwa Kanisa

Nimeizunguka Romania nikinoa misumeno na mikasi, na sijaona mtu aliyetunza chuki kwa utulivu kama Safta. Mumewe alipokufa, jirani yake Pamfil alisogeza mawe ya mpaka, na safu mbili za miplamu ya mjane zikawa zake. Kijiji kiliona, kikanyamaza. Trekta lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Pamfil.

Kisha mafundi waliokuwa wakibadilisha bati la kanisa wakateremsha kiti cha ajabu. Cha mwaloni, kizito, sehemu ya kukalia imezungushiwa ukingo kama sinia, mbele kuna ubao wa kufungia magoti, na chini ya kila mguu umetokeza msumari mnene. Kinyozi wa kijiji, kijana bado, alisema ni cha kujifungulia. Kasisi alikuwa mgeni, hakujua. Pamfil, aliyelinunulia kanisa bati jipya, akakichukua.

"Ni cha askofu," akasema. "Macho ninayo."

Hata hivyo alimwita Safta akikague, maana marehemu baba yake Safta alikuwa seremala wa kanisa. Nilikuwepo, nanoa panga la Pamfil. Safta alipitisha kidole kwenye nyufa, kikatoka na udongo mkavu. Akaunusa. Akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Haya bibi, sema. Cha askofu au si cha askofu?"

"Hiki hakikaliwi na mtu wa kawaida, Pamfil. Mahali pake ni nje, kushoto kwa mlango wa kanisa. Sikukuu ya mtakatifu wetu kikalie, watu wakitoka wakuone."

"Unamsikia, mnoaji? Na huyu ndiye aliyekuwa akinitukana."

"Nilikuwa sijaujua ukubwa wako," Safta akasema.

Siku ya sikukuu alinibebesha kapu lililofunikwa kitambaa. Tulimkuta Pamfil amekikalia kiti nje ya kanisa, kizibao kipya cha ngozi ya kondoo kifuani. Misumari ya kiti ilikuwa imezama barabara katika matundu manne ya sakafu ya mawe.

"Mnaona? Kimetulia mahali pake penyewe."

Safta akamfungia ubao wa magoti, akachomeka kigingi. Ibada ikaisha. Wazee walipotoka walisimama ghafla. Matundu yale waliyajua tangu utotoni.

"Nani kamkalisha hapo?" aliuliza Rafira, mama mzazi wa Pamfil, aliyekuwa hajakiona kiti tangu kishuke.

"Kakaa mwenyewe," Safta akajibu. "Vijana hamjui, niwaambie. Hiki ni kiti cha mwizi wa ardhi. Kila atokaye kanisani humwekea donge la udongo mapajani, mpaka aseme mawe yalikuwa wapi. Udongo huu ni wa shambani kwangu."

Akafunua kapu, akarudi nyuma. Hakuna aliyesogea. Kinyozi alitazama viatu vyake.

"Mama, mwambie huyu kichaa anifungulie."

Rafira aliinama kwa shida, akachota donge, akamwekea mwanawe mapajani taratibu, kama anampakulia chakula.

"Mawe yalikuwa wapi, mwanangu?"

Kinyozi akafuata. Kisha foleni nzima, hata wale waliolimiwa na trekta wiki ile. Ukingo ulijaa, udongo ukamfika Pamfil tumboni, ndipo akasema mawe yalikuwa kwenye kisima cha zamani, kwa sauti ya kukwaruza, huku analia.

Nilimnong'oneza Safta, "Kasema, mama. Mfungulie."

"Kapu bado halijaisha," akasema.