Barafu ya Tangi la Choo

Siku ya tatu tangu tutoke Pueblo, mkwe wangu Garrett alikuwa ameshatangaza: balaa moja zaidi, anageuza hii nyumba ya magurudumu turudi. Sikumlaumu. Maisie, wa miaka miwili, alikuwa amemtapikia maziwa mgongoni, na kaka yake Tucker, wa minne, alikuwa ameimba wimbo mmoja wa ng'ombe kwa maili tisini.

Nikamenya machungwa. Dada yangu Verla alikuwa akitungoja Miles City, huko kaskazini. Macho yake yanazimika. Daktari alisema majani yakianza kupukutika hataona tena sura ya mtu. Watoto hawa hajawaona hata siku moja.

Tulipofika mji wa Gillette, kwenye kituo cha kumwagia uchafu wa vyoo vya magari, Garrett alivuta mpini wa tangi. Hakikutoka kitu.

"Tucker, umetia nini chooni?"

"Karatasi."

"Kiasi gani?"

"Zote. Ulisema tangi halijajaa. Nimekujazia."

Binti yangu Janelle alicheka mpaka akakaa chini. Garrett hakucheka.

"Basi. Nyumbani."

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwapo mwanamke mmoja mzee mwenye glavu za rangi ya waridi hadi viwikoni. Hakupiga honi. Alishuka akaja kwangu.

"Wajukuu zako?"

"Wangu. Huyo mvulana mwenye kofia ndiye fundi aliyeliziba tangi."

"Mnakwenda wapi?"

Nikamweleza kwa sauti ndogo, na habari ya macho ya Verla. Akamgeukia Garrett.

"Wewe kijana, mimina maji na mifuko miwili ya barafu humo chooni, kisha endesha. Barafu itagongagonga, karatasi zilegee."

"Hiyo nimewahi kuisikia."

"Ila barabara iwe mbovu. Ya kusini ina lami mpya, mavi yatalala usingizi. Shika ya kaskazini."

Garrett alinitazama. "Mama, huyu unamjua?"

"Nimjulie wapi?"

Akaenda kununua barafu. Tucker aliimimina mwenyewe, na kila tulipopita shimo alipiga kelele, "Bibi, yanacheza!"

Alasiri hiyo, Miles City, Verla alimshika Tucker mashavu, akamsogeza dirishani, akamtazama, akamtazama. Kisha akamchukua Maisie, naye akamtazama vilevile.

"Wazuri," alisema, akifuta macho. "Lakini mbona mnanuka hivi?"