Makofi Matano ya Mwalimu Leonia

Mwalimu Leonia aliingia chumba namba tatu cha kituo cha afya, akainama, akapiga makofi ya salamu kama Waha wanavyomwamkia mkubwa, macho chini. Tabibu Alphonce hakuitikia. Alikuwa anamwona kwa mara ya tatu mwezi huo.

"Wewe tena?"

"Mimi tena. Nimefuata barua ya rufaa."

Shida yenyewe ni hii. Leonia ana miaka thelathini na minne, anafundisha hesabu shuleni Gungu. Kengele ikigongwa anaziba masikio. Wenzake wakimtania hacheki. Ratiba ikibadilishwa ghafla anatetemeka mpaka chaki inamdondoka. Basi wanasema ana kiburi, watu bwana! Mkuu wa shule amempa mpaka Ijumaa alete karatasi ya daktari, la sivyo anashtakiwa kwa utovu wa nidhamu na kazi ndiyo kwaheri. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Leonia mwenyewe anahisi ni usonji, lakini daktari anayeupima kwa watu wazima yuko mkoa mwingine, na hampokei mtu asiye na rufaa.

"Usonji ni wa watoto," alisema Alphonce. "Tena wasioongea. Wewe umesoma mpaka chuo. Umeniamkia vizuri kuliko mke wangu! Macho chini, adabu tele. Mwenye usonji anaweza hayo?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Makofi. Matano, napumzika, mawili. Mama alinifundisha kwa fimbo, maana nilikuwa sijui niache lini. Na macho siyashushi kwa adabu. Macho ya watu yananiumiza. Huku kwetu hiyo ndiyo heshima, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Ungedhani Alphonce angeona aibu. Wapi! Alicheka, akasukuma faili pembeni. "Nenda Mwandiga ukaombewe. Toka, kuna wagonjwa wa kweli nje."

Hasira zilimpanda Leonia. Mlangoni palikuwa na bango la haki za mgonjwa, alilolisoma siku zote tatu akisubiri zamu yake. Akalisema lote bila kuligeukia: haki ya kuelezwa sababu, haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine, haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi. Alipomaliza akaanza upya.

"Nyamaza!"

"Niandikie kwamba umekataa. Sababu, jina, sahihi. Ndipo nitaondoka."

"Unataka maandishi? Utayapata!"

Alphonce aliandika kwa hasira, nusura atoboe karatasi, akamrushia faili. Likaanguka sakafuni. Leonia akaliokota, akavuka ua mpaka kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, Daktari Marcelina, mama asiyecheka ovyo.

Marcelina alisoma kwa sauti. "'Mgonjwa hatazami watu usoni. Anarudia maneno ya bango neno kwa neno. Anahesabu makofi ya salamu. Akiambiwa aondoke haelewi. Nimekataa rufaa kwa kuwa hana dalili yoyote.'"

Alivua miwani, akaivaa, akasoma tena. Kisha akavuta fomu ya rufaa, na kwenye nafasi ya dalili akanakili maneno yote ya Alphonce isipokuwa sentensi ya mwisho. Akagonga muhuri.

"Niitie Alphonce," alimwambia muuguzi. "Na wewe mwalimu, mpelekee mkuu wako nakala leo hii."

Leonia aliinama. Akapiga makofi matano, akapumzika, akapiga mawili. Marcelina alisubiri mpaka yakaisha.