Mstari wa Nyuma Bustanini

Tangu kipupwe bega la Bi Qiaoyun lilikuwa limekaza, hata kuchana nywele hakuweza. Kila asubuhi alijificha mstari wa nyuma bustanini, akiwaiga wenzake mazoezi ya pumzi waliyoachiwa na wahenga. Leo mwalimu Pang akasema, "Geukeni, jua linatuchoma macho." Wakageuka, na wa nyuma akawa wa mbele.

"Dada Qiaoyun, tuongoze basi," jirani yake Lanying akacheka. "Ila usitupoteze."

"Mtajuta nyie."

Hakuwa na wa kumwiga. Akavuta pumzi taratibu, akainua mikono kama anayeisukuma mbingu. Mkono mbovu ukapanda, ukapita sikio, ukafika juu kabisa.

"Mbona huendelei?" Lanying akauliza.

"Ngojeni kidogo," akajibu. "Bado nauangalia."