Gia Moja Iko kwa Mama Clever

Pikapu ya Mwalimu Novatus ilikufa Jumatatu saa nne asubuhi, katikati ya soko la Biharamulo, mbele ya watu aliowafundisha kusoma na kuandika. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri, honi inalia, ila gari halisogei. Mwalimu akakanyaga mafuta, akasogeza mkono wa gia mbele, akaurudisha nyuma, akausogeza tena. Gari likatetemeka kama ng'ombe anayekataa kuingia kwenye josho, kisha likatulia.

Tecla, mkewe, akashuka na kuchungulia chini. Mafuta mekundu yalikuwa yanatiririka kuelekea kwenye matembele ya watu.

"Giaboksi imekufa," akasema.

"Hujui, Mama Clever. Inaweza kuwa joto tu."

"Imekufa, Baba Clever. Muombe radhi mama mwenye matembele, halafu tusukume."

Tecla alikuwa afisa ugani, na stashahada yake ya kilimo ilikuwa na miaka ishirini na miwili. Miaka yote hiyo alikuwa anapanda na kushuka vilima vya Nyamigogo kwa pikipiki, na hakuwahi kujifunza kuzungusha maneno. Mkulima akimwonyesha mihogo yenye ugonjwa, hasemi "tutaangalia." Anasema "ng'oa, choma," anawasha pikipiki, anaondoka.

Walisukuma gari mpaka gereji ya Hasani, nyuma ya stendi. Hasani akalala chini yake, akatoka akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Shikamoo tena Mwalimu, maana nina habari mbaya. Otomatiki nyingine ya gari la umri huu hupati huku kwetu. Ukiagiza mbali, utaisubiri mpaka mahindi yakomae. Tufunge manyuali. Giaboksi ya kubadilisha kwa mkono, na klachi yake. Gari ni la fowili, magurudumu yote yanavuta, linastahili gia za kiume."

"Jumamosi litakuwa tayari?" Tecla akauliza.

"Mkichagua haraka, Mama."

Jumamosi ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Jumamosi walikuwa waende Rulenge kumposea mtoto wao Clever, na ndizi za pombe zilikuwa zimeshafukiwa shimoni. Ndizi zikishaiva shimoni hazijui kama gari limekufa. Jumatano zingekamuliwa, Jumamosi pombe ingekuwa tamu, na Jumapili ingekuwa siki. Baba wa binti, Mzee Jeremia, alikuwa na utaratibu wake: pombe ya posa inafika kabla ya saa sita mchana, anaionja yeye mwenyewe, ndipo watu wanaketi. Mwaka juzi ukoo mmoja uliokuja kuposa binti yake mkubwa ulifika jioni na pombe iliyochacha. Mzee akaonja, akatema kwenye migomba, akawaambia, "Karibuni mwakani." Mwakani ilipofika, binti yule alikuwa ameshaolewa Kahama. Zita, huyu wa Clever, alikuwa mdogo wake.

Kukodi gari Mwalimu alikataa. Mara ya kwanza kwenda Rulenge alikuwa amemwambia Mzee Jeremia, mbele ya watu, "Nitakuja na pombe yangu kwenye gari langu, nikiendesha mwenyewe." Mwalimu mkuu mstaafu halafu aje kwenye tela la bodaboda? Afadhali asije.

Jumanne Hasani akapata giaboksi ya kwanza, ya gia nne. Mwalimu akaizunguka, mikono nyuma, kama anakagua kucha za wanafunzi.

"Gia nne? Vilima vya Rulenge vinataka tano."

Jumatano ikaja ya gia tano, imetoka kwenye lori.

"Nzito mno. Itapasua chasisi."

Tecla alimwamini. Mume wake alifundisha hesabu na sayansi miaka thelathini na mitatu. Akisema kitu ni kizito, ni kizito. Alirudi nyumbani kusimamia ukamuaji, akaacha mambo ya vyuma kwa wenye vyuma.

Alhamisi mchana akapita gereji akiwa bado na helmeti kichwani. Hasani alikuwa ameshika simu. Nzeyimana, muuza spea wa Kabanga kule mpakani na Burundi, alikuwa ametuma picha ya giaboksi ya gia tano, nyepesi, safi, iliyotoka kwenye pikapu ya aina ileile. Mwalimu akaichukua simu, akaikuza picha mpaka ikawa rangi tupu.

"Sawa," akasema polepole. "Lakini, Hasani. Kitaalamu. Hakuna inayokuja bila klachi?"

Hasani akaweka spana chini.

"Mwalimu, hiyo itakuwa otomatiki. Ndiyo hii iliyokufa."

Tecla akavua helmeti. Akautazama mguu wa kushoto wa mume wake. Miaka sita tangu wanunue gari lile kutoka shirika moja la wakimbizi, mguu ule ulikuwa unasafiri bure kama mgeni wa heshima. Hakuwahi kuona ukifanya kazi yoyote.

"Hasani," akasema, "funga hiyo ya Kabanga."

"Mama, nimwombe Nzeyimana picha moja ya pembeni, nione mkono wa gia ume—"

"Picha za nini, unamposa? Mwambie aipakie kwenye gari la kwanza."

Nyumbani hakumsubiri hata avue viatu.

"Hujui kuendesha manyuali."

"Najua nadharia."

"Nadharia haipandi mlima. Kwa nini hukusema Jumatatu?"

Mwalimu akakaa. "Nimewaambia watoto wa wilaya nzima wasione haya kuuliza," akasema. "Sasa niende kuuliza kwa Hasani? Hasani nilimrudisha darasa mara mbili."

Tecla angeweza kusema mengi. Akaenda kuangalia mtumbwi wa kuchachushia pombe, maana huo ndio ulikuwa hausubiri.

Ijumaa saa tisa giaboksi ilikuwa imefungwa, na kanyagio la klachi, lililotoka kwenye skrepa, liko mahali pake. Hasani akafungua mlango, akasimama kando. Mkono wa gia ulikuwa umechomoza sakafuni, ukapinda shingo, ukaenda kulalia kiti cha abiria. Hata ule mfupi wa fowili ulikuwa umemfuata mwenzake.

"Mbona umempa dereva kisogo?" Tecla akauliza.

"Burundi usukani uko kushoto, Mama. Mkono umepindwa umfuate dereva wa kule." Akakohoa. "Ndiyo ile picha ya pembeni."

Tecla akaushika mkono wa gia, akauvuta kuelekea kwa dereva, haukutikisika. "Upinde."

"Unataka moto mkali. Mtungi wangu wa gesi umeisha na umeme hakuna tangu asubuhi. Nikiupiga nyundo ukiwa baridi utakatika, na hapo mtaenda Rulenge na kisiki."

"Basi utuendeshe wewe."

"Leseni yangu imekufa kabla ya giaboksi, Mama."

Wakaenda kujaribu kwenye uwanja wa mpira. Kuipata gia ya kwanza, Mwalimu alilazimika kujilaza mpaka kofia yake ikafika mapajani kwa mkewe. Alipojilaza, mguu ulitoka kwenye klachi. Ulipotoka, gari liliruka kama chura na kuzima. Mara ya nne mbuzi wote walikuwa wamehama uwanja.

"Toa mkono," Tecla akasema. "Wewe usukani na miguu. Mimi naingiza."

"Utajuaje wakati wa kuingiza?"

"Nitasikia. Pikipiki na gari zinalia lugha moja. Kanyaga!"

Akakanyaga. Akaingiza. Gari likaondoka taratibu, na Hasani aliyekuwa golini akapiga makofi kabla hajajizuia.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wakaondoka, Mwalimu na suti yake ya kustaafu, Tecla na kitenge kipya, mguu mmoja huku na mwingine kule kupisha gia. Nyuma, juu ya madumu kumi na mawili ya pombe yenye majani ya mgomba mdomoni, alikaa Benedicto, mdogo wake Mwalimu, ambaye ndiye mshenga na msemaji wa ukoo. Clever alibaki nyumbani, kama inavyotakiwa. Muoaji haendi kujiposea.

Kwenye lami mambo yalikwenda.

"Klachi!"

"Tayari!"

"Tatu. Achia. Klachi!"

"Mama Clever, usinifokee mbele ya mshenga."

"Mshenga yuko nyuma. Nne!"

Baada ya kuacha lami na kushika changarawe ya Rulenge, ndipo walipokutana na kilima chenyewe. Mvua ya usiku ilikuwa imekilainisha, na katikati lori la mahindi lilikuwa limekwama, limebakisha upenyo wa gari moja. Mwalimu akasimama. Hakuna kitu kibaya kwa mtu wa nadharia kama kusimama kwenye mlima.

Akajaribu. Likazima. Akajaribu tena, likarudi nyuma hatua tatu ndipo likazima. Madumu yakagongana.

"Kaka!" Benedicto akapiga kelele. "Povu linatoka! Suti yangu inalewa!"

Saa tano na dakika tano. Watu wa lori wakakaa kwenye magunia kutazama, mmoja akamega muhogo wa kuchemsha kabisa. Mwalimu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na jasho linadondoka kwenye tai.

"Tecla," akasema. Hakuwa amemwita jina hilo tangu Clever azaliwe. "Mimi siwezi. Niulize nini, nimuulize nani?"

Tecla alikuwa na sentensi tayari mdomoni, na ilikuwa kali. Akaimeza.

"Niulize mimi," akasema. "Hiyo klachi unaiachia kama unatupa jiwe. Iachie kama unamlaza mtoto aliyesinzia begani. Unamshusha, unasikiliza, akishtuka unatulia hapohapo. Clever ulimlaza mara ngapi?"

"Kila siku ulipokuwa chuoni."

"Basi mlaze."

Akausukuma mkono mfupi mpaka fowili ikashika, akaingiza gia ya kwanza. Mwalimu akainua mguu. Gari likashtuka, mguu ukatulia hapohapo. Magurudumu manne yakatafuta ardhi, yakaipata, pikapu ikapita kando ya lori ikikwangua kichaka, huku watu wa magunia wakishangilia na yule wa muhogo akipunga kipande kilichobaki.

"Hukuwahi kunielekeza kwa upole hivyo," Mwalimu akasema kileleni.

"Usizoee. Mbili!"

Waliingia kwa Mzee Jeremia saa sita kasoro robo. Ua ulikuwa umejaa. Mzee alitoka bila salamu ndefu, akamkuta Benedicto akijikamua koti, akaonyesha dumu moja kwa kidole. Likafunguliwa. Akamiminiwa kwenye kibuyu, akaonja, akatazama migomba kwa muda ambao Tecla aliuona mrefu kuliko ule mlima.

Akameza.

"Kaeni," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Lakini shangazi yake Zita, Agness, mwanamke mwenye macho ya kuhesabu kuku wa jirani, alikuwa bado analitazama gari.

"Jamani, subirini kwanza. Nimewaona mkiingia. Baba anaendesha, Mama anabadilisha gia. Huko kwenu wanaume hawajui gari?"

Kicheko kikaanza pembeni. Mwalimu akatazama viatu vyake. Benedicto, msemaji wa ukoo, akarudi kujikamua koti. Wote wawili walijua Tecla hajawahi kumficha mtu ukweli, awe mkulima au askofu.

"Gari limejengwa hivyo," Tecla akasema. "Giaboksi imetoka Burundi, mkono wa gia uko upande wa abiria. Njoo uone."

Agness akaenda, akachungulia, akakaa kwenye kiti, akaujaribu kwa mkono. Kweli tupu. Akarudi ametosheka, na kabla ya chakula nusu ya wanawake wa ua ule walikuwa wamepanga foleni kukaa kwenye kiti cha kushoto.

Jioni, mahari ikiwa imekubaliwa na tarehe imepangwa, ikabidi waondoke. Mbele ya pikapu kulikuwa na ghala la mahindi, njia ni nyuma tu, na ua mzima umesimama kuaga. Mwalimu akawasha, akakanyaga klachi, akasubiri. Tecla akafunga mikono kifuani.

"Mama Clever," akanong'ona. "Rivasi."

"Ni ya kulia kabisa, chini. Hiyo iko upande wako, Mwalimu."

Mwalimu akanyoosha mkono. Kweli ilikuwa palepale, hakuhitaji kulala. Akaiingiza mwenyewe, akamlaza mtoto taratibu, na pikapu ikarudi nyuma katikati ya vigelegele mpaka langoni bila kushtuka hata mara moja.

Jumatatu Hasani akatuma ujumbe: gesi imepatikana, lete gari niupinde, ni dakika kumi tu. Tecla akausoma kwa sauti, akamtazama mume wake.

"Mwambie ana wateja wengine," Mwalimu akasema, akaendelea kunywa uji.